Damu Haitajwi Nyumbani kwa Kelamo

Mdomo wa Batire ulikuwa wazi. Hapo ndipo tulipomwacha, msomaji: mbele ya meza ya Dokta Yonas katika hospitali ya mkoa ya Gessara, mumewe Mishamo amemwegemea begani kama gunia lililotoboka, na dokta ameuliza swali moja tu. "Mgonjwa anatapika nini?"

Najua mmekuwa mkisema wiki nzima: si ajibu tu, kwani neno lenyewe zito?

Ni zito. Kwetu mke hatamki jina la baba mkwe wake. Na si jina peke yake. Neno lolote linaloanza kama jina hilo linavyoanza, haligusi. Baba mkwe wa Batire anaitwa Kelamo, na katika lugha yetu neno la damu linaanza vivyo hivyo. Tangu alipoingizwa nyumba ile akiwa bibi harusi, siagi mbichi ikimtiririka kichwani, Batire hajaitamka damu. Akijikata kidole, akichinja kuku, hata alipojifungua, alisema "nyekundu". Kijijini kila mwanamke anamwelewa. Jirani yake ana mkwe ambaye jina lake linaanza kama maji, naye huyaita maji "ya baridi". Maisha yanakwenda.

Basi akajibu kama alivyozoea.

"Anatapika nyekundu."

Akashusha pumzi. Alijua ameshasema.

Sasa angalieni nani aliyelibeba neno hilo kulipeleka kwa dokta. Dokta Yonas ni kijana wa kaskazini, lugha yetu haijui. Hospitali haina mkalimani. Anayetafsiri ni Zeleke, mlinzi wa geti, na akiitwa ndani geti huachiwa mbuzi. Zeleke amekulia mjini, mama yake mgeni. Maneno ya wanawake walioolewa vijijini hakuwahi kuyasikia jikoni kwao.

Zeleke alicheka. "Anasema anatapika nyekundu, dokta. Na huyu naye!"

"Nyekundu tena?"

"Leo hospitali nzima inatapika nyekundu. Hata mbwa wa getini."

Ilikuwa siku ya pili baada ya Sikukuu ya Msalaba. Mnaijua siku hiyo. Mwaka mzima watu wanaweka akiba ya ng'ombe mmoja kwa nyumba kadhaa, halafu wanakula nyama mbichi kwa siagi na pilipili mpaka macho yanatoka. Viti vya nje vilijaa wanaume wameshika matumbo, na kila ndoo ilikuwa nyekundu kwa pilipili.

"Muulize alikula nyama mbichi."

"Dada, alikula?"

"Alikula kidogo," Batire alisema.

"Na pilipili?"

"Kwani kuna nyumba iliyokula bila pilipili?"

Dokta alishika kifundo cha mkono wa Mishamo. Mapigo yalikuwa yanakimbia. Alimtazama machoni, akamtazama na nguo. Shuka zito la pamba alilojifunika lilikuwa jeupe, safi, lina unyevunyevu. Batire alikuwa amelifua mtoni njiani, kwa mikono yake, akalikamua mpaka maji yakatoka meupe. Mke hampeleki mume mchafu mbele ya wasomi. Ndivyo alivyofunzwa.

Dokta alikuwa hajalala. Wenzake wawili walihamia mji mkuu mwaka huo huo, akabaki yeye na wodi zote.

"Pombe ya asali na nyama," alisema. "Mpeni maji ya chumvi na sukari, akae benchi. Anayefuata!"

Zeleke akatafsiri: "Dokta kasema kaeni pale, dawa inakuja."

"Mungu ampe maisha," Batire akasema, akambusu dokta mkononi. Alimbusu mtu aliyekuwa anamfukuza, naye hakujua.

*

Nje, chini ya ukuta wa mawe, mzee Kelamo alikuwa anasubiri. Baba mkwe hakai chumba kimoja na mke wa mwanawe akiwa na kilio. Kwa hiyo alikaa ukutani na kuongea na wasiomsikiliza.

"Jiwe hili nimelibeba mimi. Tulitoka nalo mtoni, nikiwa kijana. Wakati ule wa mfalme. Tuliambiwa kila nyumba jiwe, na nyumba isiyo na mwanamume ilibebewa. Hakuna mzungu aliyejenga hapa. Ni sisi!"

"Tumesikia, mzee," alisema mwanamke mmoja aliyekuwa anapika uji wa wagonjwa kwenye mafiga. Huyu ni mama Amarech, wenyeji wote wa hospitali wanamjua, maana mumewe alilazwa hapa, akafa, naye hakurudi nyumbani.

"Mawe umeyasimulia," sauti nyingine ikadakia. "Simulia na geti basi."

Aliyesema alikuwa Lachebo, muuza kamba, mtu mkavu kama bidhaa zake. Siku za soko hukaa hapo nje ya geti, kamba zake shingoni.

Kelamo alijifanya hakusikia. Alichukua kipande cha kocho, ule mkate wetu mgumu, kutoka kwenye mkoba, akamega, akatafuna polepole.

"Masikio yamezeeka," Lachebo akasema. "Zamani yalikuwa yanasikia hata mtu anayenong'ona kitandani."

"Lachebo, siku ya sikukuu hii," mama Amarech akamkemea.

"Kwangu hakuna sikukuu, mama. Unajua."

Hapo ndipo Mishamo alipotokea mlangoni. Alikuwa anatembea kwa kushika ukuta. Alikuwa ameona haya kutapika sakafuni mbele za watu, akamwambia mkewe anakwenda kupata hewa. Alipita bila kumtazama baba yake, akainama kwenye kona, akatapika.

Kelamo alisimama. Kocho ikamdondoka.

Ukuta mzima wa kona ile ulikuwa umerowa. Si pilipili. Mabonge meusi, na juu yake nyekundu mbichi inayong'aa, ikishuka taratibu katikati ya mawe.

"Damu!" mzee alipiga kelele. "Mwanangu anatapika damu! Jamani, damu!"

Mishamo akaanguka juu ya baba yake.

*

Msomaji, mlango uliokuwa mzito ukafunguka wenyewe. Wauguzi walikimbia. Dokta Yonas alikimbia na kiatu kimoja. Walimlaza Mishamo, wakamwinua miguu, wakamtundikia chupa ya maji, na dokta alipomfunua kope na kuona ndani pamekuwa peupe kama karatasi, aligeuka kwa hasira.

"Tangu lini? Muulize tangu lini!"

"Tangu jana kabla ya alfajiri," Batire akasema.

"Mbona hakusema? Mwanamke huyu ni mjinga? Nilimuuliza hapa hapa!"

Zeleke alimgeukia Batire. "Dada, dokta anauliza mbona hukusema."

Batire alimtazama Zeleke, akamtazama dokta. Hakuelewa. "Nilisema. Swali la kwanza tu. Nilisema anatapika nyekundu."

"Nyekundu ni pilipili, dada! Ungesema damu!"

Mama Amarech, aliyekuwa amefuata na mwiko wake mkononi, akajitosa.

"We Zeleke, mama yako alikulisha nini? Huyu ni mke wa mtoto wa Kelamo. Ke-la-mo! Ulitaka amtukane mkwe wake mbele ya meza ya serikali?"

Zeleke alifungua mdomo. Akahesabu sauti za jina lile kichwani, akazihesabu na za neno lile. Akavua kofia yake polepole.

"Mungu wangu," alisema. "Mimi nimecheka."

Na Kelamo alikuwa amesimama mlangoni. Alisikia kila kitu.

Miaka yote ile alikuwa anaona fahari. Wake wa wanawe wengine walikuwa wanateleza, wanacheka, wanaomba radhi. Batire hakuteleza hata mara moja. Kwenye misiba alikuwa anamtaja kwa wazee wenzake: "Mke wa Mishamo, mdomo wake ni safi kama maziwa."

Sasa alitazama miguu ya mwanawe imeinuliwa juu ya matofali, maana kitanda chenyewe kimevunjika mpini wa kuinulia.

*

"Anahitaji damu," dokta alisema. "Sasa hivi."

Na jokofu la damu? Msicheke. Jokofu la damu la Gessara lilikufa zamani. Jenereta lilichukuliwa kutengenezwa, halikurudi. Ndani ya jokofu mama Amarech anawekea vitunguu. Hapa damu inatoka mkononi mwa mtu mzima kwenda kwa mgonjwa siku hiyo hiyo, au haitoki.

Walimpima Batire. Haikulingana. Walimpima Kelamo, mzee akakunja mkono wa shati kabla hajaambiwa. Haikulingana.

"Huyu anapokea ya kundi lake tu," fundi wa maabara alisema. "Ndugu zake wako wapi?"

"Wako kwa wakwe zao, sikukuu," Kelamo akajibu. "Ng'ambo ya mlima. Hata wakipelekewa habari sasa, hawafiki."

"Basi kuna jiwe," mama Amarech akasema.

Getini kuna jiwe kubwa kuliko yote, lile lililobebwa na vijana wa vijiji viwili kwa miti. Halikuingia ukutani, likabaki hapo hapo. Mtoto akipotea, anaitwa juu ya jiwe. Mtu akifa, anatangazwa juu ya jiwe. Na mgonjwa akikosa damu, mwanamke wa nyumba anapanda, anaita, na watu wa soko wanakuja kupimwa.

Ni mwanamke tu anayeita. Mwanamume akipanda mahali pa watu na kupiga kelele "damu", kwetu ameita kisasi. Wanaume wanakimbilia fimbo, wanawake wanakimbiza watoto. Hata kama ni mzee na analia.

Kwa hiyo wote waligeuka, wakamtazama Batire.

"Siwezi," alisema.

"Binti yangu."

Kelamo alikuwa hajawahi kumsemesha akiwa karibu hivyo. Batire aliinamisha kichwa na kuvuta kitambaa usoni.

"Nitaita kwa maneno yangu," alisema akitazama ardhi. "Nitaita ile ninayojua. Wanawake watanielewa."

"Soko zima ni wauza pilipili na wauza mbuzi. Hawatakuelewa."

"Baba, nikilisema leo, kesho nitakupikia kwa mkono gani? Nitapita wapi nyumbani?"

Mzee alitoka. Walidhani amekasirika. Aliinama chini ya ukuta, palipokuwa na majani mabichi kidogo kando ya bomba linalovuja, akang'oa kiasi cha kujaa kiganja, akarudi. Alimfungua Batire kiganja, akaweka majani ndani, akamfunga vidole.

Kwetu majani mabichi hayachezewi. Aliyepewa na mzee amefunguliwa mwiko wake.

"Likanyage jina langu," Kelamo alisema. "Likanyage na miguu miwili. Mimi baba yako nimesema. Linamla mwanangu hilo jina."

"Baba..."

"Nenda, mwali!" mama Amarech alimsukuma mgongoni. "Utalia baadaye, machozi hayaozi!"

*

Batire alipanda juu ya jiwe. Soko lilikuwa mbele yake: mbuzi, magunia, wanaume wenye maumivu ya sikukuu, wasichana wa siagi.

Alivuta pumzi. Aliita kwa nguvu zote.

"Nyekundu!"

Mdomo ulikwenda wenyewe. Ulikwenda njia uliyoizoea.

"Ninayo, dada!" muuza pilipili akajibu kutoka mbali. "Kavu au ya kusaga?"

Watu wakacheka. Batire akaziba mdomo kwa mkono wenye majani. Nyuma yake, dirishani, muuguzi alikuwa anabadilisha chupa, na chupa hiyo ilikuwa ya mwisho.

Alishusha mkono.

"Damu!" aliita. Sauti ilipasuka katikati. "Damu! Mume wangu anakufa! Nyumba ya Kelamo inaomba damu!"

Amesema. Neno na jina lenyewe, vyote viwili, kwa pamoja, mbele ya soko zima. Wanawake waliomjua walishika vichwa. Msichana mmoja wa siagi alianza kulia bila kujua sababu.

Kicheko kilikatika.

Halafu, msomaji, lilitokea jambo ambalo Batire hakulitegemea. Hakuna aliyesogea.

Siku nyingine damu ikiitwa, watu wanasukumana. Nimeona kwa macho yangu wanaume wakigombea kupimwa kama wanagombea nyama. Leo walisimama tu. Mmoja alijishughulisha na kamba ya mbuzi wake. Mwingine akatema mate pembeni. Mama mmoja akamshika mwanawe aliyetaka kwenda.

"Nyumba ya nani, kasema?"

"Kelamo."

"Kelamo yule wa bunduki?"

"Yule yule."

Jina ambalo Batire alilitunza mdomoni kama yai, lisiguswe, lisivunjike, hapa getini lilikuwa linanuka. Na yeye hakuwa anajua. Nani angemwambia? Nani anamsema mkwe mbele ya mke wa mwanawe?

"Jamani!" aliita. "Ni mtu! Anaitwa Mishamo! Ana watoto!"



Kisha Lachebo akavua kamba zake shingoni. Aliziweka chini moja moja, akakunja mkono wa shati, akapita katikati ya watu. Wakampisha.

"Nipimeni," alisema.

Fundi wa maabara alimtoboa kidole pale pale getini, akaingia ndani mbio. Alirudi anapumua kwa shida.

"Inalingana! Njoo, baba, njoo haraka!"

Batire alishuka jiweni, akapiga magoti, akamshika Lachebo miguu. "Kaka, Mungu akulipe. Kaka yangu."

"Inuka, dada. Sina ugomvi na wewe." Lachebo hakusogea kuelekea mlangoni. Alikuwa anamtazama mtu mwingine. "Kelamo. Sogea hapa."

Mzee alisogea.

"Lachebo, nitakupa ng'ombe. Yule mwenye maziwa."

"Sitaki ng'ombe wako. Sitaki pesa yako, hata birr moja. Wakati wa wanajeshi ulikuwa mwenyekiti wa kijiji, una bunduki, umekaa juu ya jiwe hili hili. Mimi nilikuwa nimejificha msituni, sikutaka kwenda vitani. Mke wangu akaja na uchungu wa kuzaa, amebebwa kwenye machela. Ulisema nini?"

Kelamo alilitazama jiwe.

"Sema. Leo ni siku ya kusema."

"Nilisema," mzee akaanza, na sauti yake ilikuwa ndogo, "nilisema hospitali ni ya wanaotii."

"Ukafunga geti."

"Nilifunga."

"Alifia chini ya ukuta huo unaojisifia. Yeye na mtoto. Pale alipotapika mwanao." Lachebo alinyoosha mkono wake, ule uliokunjwa, mishipa imesimama. "Damu hii hapa. Nitaitoa yote ikitakiwa. Mwanao hana kosa. Lakini kwanza panda juu ya jiwe uniambie mke wangu alikuwa anaitwa nani. Jina lake tu. Sijawahi kulisikia mdomoni mwako. Lita, watu walisikie, halafu nitaingia."

"Baba, panda!" Batire alilia. "Ni jina tu! Mimi nimesema langu!"

Kelamo alipanda. Zeleke alimshika kiwiko.

Alisimama juu ya jiwe, upepo ukivuta shuka lake. Soko zima lilikuwa linamtazama. Aliikumbuka siku ile, mvua ndogo na machela ya mianzi. Kitambaa cha yule mwanamke kilikuwa cha njano, na mguu mmoja ulikuwa umetoka nje ya shuka, una tope. Kikongwe aliyekuja na mwanamke huyo aliishika bunduki ya Kelamo kwa mikono miwili akimsihi.

Jina hakulikumbuka. Alilitafuta kila mahali. Ndipo akajua kwa nini halipo.

Siku ile hakuuliza mwanamke yule ni nani. Aliuliza ni mke wa nani.

"Dada Batire!" Muuguzi alitokeza kichwa dirishani. "Batire! Njoo haraka, mumeo anakuita! Njoo!"

Batire hakwenda. Aliinua uso, na kwa mara ya kwanza tangu aolewe, akamtazama mkwe wake machoni.

Juu ya jiwe, mdomo wa Kelamo ulikuwa wazi.